Mpira umepasuka Ijumaa, usije Jumatano: maswali ya vijana kuhusu VVU na saa 72

Hapa Busia, upande wa Uganda, wanaokuja kutuuliza kuhusu VVU ni wanafunzi, vijana wa boda boda, wasichana wa saluni, wauzaji wanaotembea kwenye foleni ya malori. Maswali yao ni mazuri. Shida ni siku wanayoyauliza. Wengi wanafika wakati dawa ambayo ingewasaidia haiwezi tena kuwasaidia. Kwa hiyo msishangae nikirudia jambo moja hadi liwachoshe.

VVU na UKIMWI ni kitu kimoja?

Hapana. VVU ni virusi vinavyoshambulia chembe za kinga ya mwili. UKIMWI ni hali ya mwili baada ya kinga hiyo kuisha, kwa kawaida miaka mingi baadaye kwa mtu ambaye hakutibiwa. Virusi hupita kwenye ngono isiyo na kinga, kwenye damu (sindano, nyembe), na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Mbu, choo, sahani na kukumbatiana havimo.

PEP ni nini?

Ni dawa za ARV anazomeza mtu asiye na VVU baada ya kukutana na hatari: mpira (kondomu) umepasuka, mmefanya bila mpira na mtu usiyejua hali yake, umebakwa, umechomwa na sindano iliyotumika. Unapimwa kwanza, kisha unameza kidonge kimoja kila siku kwa siku 28. Vituo vya serikali vinatoa bure. Lazima uanze ndani ya saa 72.

Musawo (mhudumu wa afya), tukio lilikuwa Ijumaa usiku. Jumatano si bado mapema?

Si mapema. Umechelewa.

Hesabu pamoja nami. Ijumaa saa nne usiku hadi Jumamosi saa nne usiku ni saa 24. Jumapili saa nne, saa 48. Jumatatu saa nne usiku, saa 72, mlango umefungwa. Na usinielewe kwamba Jumatatu jioni ni sawa na Jumamosi asubuhi. Kila saa inayopita inaipunguzia dawa nguvu. Siku nzuri ya kuja ni siku ile ile.

Sababu ni hii. Virusi vikiingia mwilini havisambai papo hapo. Vinakamata chembe chache pale vilipoingilia, vinajizalisha, kisha ndani ya siku mbili tatu vinafika kwenye tezi na kuenea. PEP inazuia kule kujizalisha kwa mwanzo. Ni kama moto ulioshika unyasi mmoja wa paa: ndoo moja inatosha sasa hivi, ukisubiri utaita kijiji kizima na nyumba itaungua vile vile. Virusi vikishajipachika ndani ya chembe za mwili, hakuna dawa iliyopo kliniki inayoving'oa.

Lakini Jumamosi na Jumapili kliniki ya ARV imefungwa.

Hospitali haijafungwa. Nenda upande wa dharura, au wodi ya wazazi ambako mama wanajifungua usiku na mchana. Sema hivi: "Nimepata hatari ya VVU, nahitaji PEP." Huna haja ya kusimulia mapenzi yako yote pale dirishani. Wakikuambia urudi Jumatatu, waambie saa zako zimebaki ngapi, na wakiendelea kukuzungusha nenda kituo kingine siku hiyo hiyo.

Nilimeza P2 asubuhi. Haitoshi?

Haitoshi. P2 inazuia mimba. Haigusi VVU hata kidogo.

Hili linaniumiza kuliko yote. Msichana anaamka, anakimbia duka la dawa kabla halijafunguliwa, anasimama mlangoni hadi apate vidonge vya kuzuia mimba. Mwendo ule ule, haraka ile ile, angekwenda nao hatua chache zaidi hadi kituo cha afya angepata vyote viwili. Badala yake anarudi nyumbani ametulia. Vijana wetu wanaogopa mimba kuliko VVU kwa sababu mimba mama ataiona. Tafadhali, dada yangu, ukijikuta unahitaji P2, jiulize hapo hapo: na PEP je? Jambo lililokupa hatari ya mimba ndilo lililokupa hatari ya VVU.

Kuoga kwa sabuni ya kufulia hakusaidii. Limau na chumvi havisaidii, vinachubua ngozi laini ya ndani na kuvirahisishia virusi kazi. Kidonge cha antibaiotiki ulichouziwa bila kuulizwa swali hakizuii VVU. Hivi vyote nimeona watu wakivifanya huku saa zao zikiisha.

Mpenzi wangu alipimwa, karatasi inasema hana. Bado nije?

Alipimwa lini? Kipimo cha haraka kinatafuta askari ambao mwili unawatengeneza dhidi ya virusi, na wanachukua wiki kadhaa kuonekana. Aliyeambukizwa wiki iliyopita anaweza kupata jibu la "hana" akiwa tayari anaambukiza. Tena katika wiki hizo za mwanzo virusi ni vingi mno kwenye damu yake kuliko baadaye. Baadhi yao hupata homa, koo kuuma na vipele, wakanunua dawa ya malaria, homa ikaisha, na habari ikaishia hapo.

Na kwa macho huwezi kumpima mtu. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulionyesha kwamba hapa Uganda wasichana wa miaka 15 hadi 24 wana VVU karibu mara nne ya wavulana wa umri wao. Wavulana wa darasani peke yao hawaelezi hesabu hiyo. Mwanamume mzima anayekulipia karo, anayekununulia simu, anayekubeba bure kwenye pikipiki, umri wake una historia ndefu usiyoijua.

Rafiki yangu anameza ARV. Si anigawie vidonge vitatu?

Usifanye hivyo. Vidonge vitatu si PEP. Unajinyima dozi kamili, unamnyima mwenzako dawa yake, na kama tayari una VVU bila kujua utavipa virusi nafasi ya kuzoea dawa. Dozi nzima ipo, ni bure, ni yako. Ya nini kuomba makombo?

Mtu akibakwa, aanze polisi au hospitali?

Hospitali. Mwandike ukutani: hospitali kwanza. Polisi ni muhimu na fomu yao ina kazi mahakamani, lakini PEP haisubiri fomu. Usioge kwanza, njoo na nguo ulizovaa, ndani ya mfuko wa karatasi kama upo. Tutakupa PEP, dawa ya kuzuia mimba, na tutaangalia magonjwa mengine ya zinaa. Wavulana pia hubakwa, na kwao ni hayo hayo.

Walimu na mametroni wa shule za bweni, naomba mnisikie kwa heshima zote. Mtoto anapowaambia jambo hili Jumapili, asiambiwe angoje mzazi aje siku ya kutembelewa. Asiitwe kwenye kikao cha wazee wajadiliane mbuzi wangapi walipwe. Mnapojadiliana, saa zinakwenda. Mleteni kwanza, kikao kitamkuta ameshameza dozi ya kwanza.

Nina miaka 16. Mtamwambia mama?

Kwa mwongozo wa upimaji wa Uganda, kijana wa miaka 12 na zaidi anaweza kukubali kupimwa mwenyewe. Majibu ni yako. Tutakushauri umwambie mtu mzima unayemwamini, shangazi kwa mfano, kwa kuwa siku 28 ni nyingi kuzibeba peke yako. Lakini hofu ya mama isikuzuie kuja.

Vidonge vinanitia kichefuchefu. Siku ya kumi naona niko sawa, naweza kuacha?

Usiache. Kuwa sawa siku ya kumi hakumaanishi lolote, maana hata aliyeambukizwa anajiona sawa siku ya kumi. Meza baada ya chakula au kabla ya kulala. Ikikuzidi, rudi tukusaidie. Ukimaliza utapimwa, na utapimwa tena miezi 3 baada ya tukio. Katikati yake tumia mpira kila mara.

Nimechukua PEP mara kadhaa mwaka huu. Ni vibaya?

Kuja si vibaya. Lakini hatari yako ni ya kila mara, kwa hiyo unahitaji PrEP, dawa unayotumia *kabla*, siku zote ambazo hatari ipo. Uliza kituoni kwako. Mpira unabaki, kwa sababu PrEP haizuii kaswende, kisonono wala mimba. Kwa wavulana, tohara hupunguza hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Utafiti mmojawapo uliothibitisha hilo ulifanyika hapa hapa Uganda, wilayani Rakai. Asilimia 60 si 100, kaka.

Siku hizi dawa zipo. Kwa nini mnatutisha?

Sitishi. Ni kweli anayemeza ARV vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo haambukizi mpenzi wake, na anaishi maisha marefu. Wenye VVU ni ndugu zetu na sina neno la kuwavunja moyo. Wazazi wenu waliona ugonjwa huu tangu ulipogunduliwa hapa Uganda, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, mwaka 1982, wakati hakuna kidonge hata kimoja; mwanamuziki Philly Lutaaya alijitokeza hadharani kusema ana VVU mwaka 1989 na mwaka huo huo akafa. Nyinyi mna dawa. Lakini kidonge cha kila siku hadi uzee na kidonge cha siku 28 si mzigo mmoja, na wa pili unaweza kuuchagua kwa saa chache tu.

Na kama saa 72 zimeshapita?

Njoo hivyo hivyo, leo. PEP hutapewa, ila utapimwa sasa na kupangiwa siku ya kurudia kipimo. Magonjwa mengine ya zinaa tutayatibu. Kwa mimba, vidonge vya dharura vinaweza kutolewa hadi siku 5, ingawa nguvu yake inapungua. Usimwambukize mtu mwingine ukiwa unangoja: mpira kila mara. Homa ikikupata ndani ya wiki hizo, usiende dukani, rudi kituoni useme una tarehe ya hatari. Na kipimo kikionyesha una VVU, unaanza ARV siku hiyo hiyo ukiwa tayari, bila kungoja kuugua.