Kuhesabu Hatua: Majaribio Yangu ya Kubadili Namna ya Kukimbia

Wakimbiaji wanaokuja kutibiwa kwangu hapa Dar es Salaam, wengi wao wakiwa watu wa vikundi vya jogingi vya Jumamosi alfajiri, huniuliza swali moja kabla hata ya kuvua raba: "Daktari, mguu unatakiwa utue kwa kisigino au kwa vidole?" Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na pia ni mkimbiaji wa kawaida, wa kilomita 35 hivi kwa wiki, na kwa miaka mingi nililijibu swali hilo kwa maneno ya vitabuni. Mwaka juzi nililazimika kulijibu kwa miguu yangu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nikijiandaa kwa nusu marathoni kule Moshi na goti langu la kulia likaanza kuuma nyuma ya pia, kile kifupa cha mviringo cha mbele ya goti, kila nilipovuka kilomita ya nane.

Swali hilo lina historia inayotugusa sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Nature, wakionyesha kwamba watu waliozoea kukimbia pekupeku, wakiwamo wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya, mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya unyayo na hivyo huepuka ule mshtuko mkali unaopanda mguuni kisigino kinapogonga ardhi. Watu wengi walisoma habari hizo kama amri ya kuacha kutua kwa kisigino. Miaka mitatu baadaye, watafiti wengine waliwapima Wadaasanach 38 wa kaskazini mwa Kenya, watu waliokua bila viatu, wakakuta kwamba katika mwendo wa kawaida wa mbio ndefu asilimia 72 kati yao walitua kwa kisigino. Na katika nusu marathoni ya Sapporo nchini Japani, wakimbiaji wa kiwango cha juu walipopigwa picha kwenye alama ya kilomita 15, takribani robo tatu walikuwa wakitua kwa kisigino pia. Kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kusema kwa haki kwamba kisigino ni kosa.

Hata hivyo nilitaka kujua mwili wangu ungesemaje. Kwa wiki tatu nilijilazimisha kutua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, nikianza na kilomita mbili tu ndani ya kila mazoezi na kuongeza taratibu. Goti lilitulia ndani ya siku chache, nami nikafurahi. Katika wiki ya tatu shavu la mguu likakaza kiasi cha kuniamsha usiku, na kano nene inayoliunganisha na kisigino ikawa inauma kila asubuhi nilipoweka mguu sakafuni. Nilisimamisha jaribio hapohapo, kwa kuwa kano hiyo ikishachokozwa sana huchukua miezi kupona.

Kilichotokea kinaeleweka kwa hesabu ya nguvu. Kila hatua ya mbio huushukia mguu mmoja kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili mara mbili na zaidi, na nguvu hiyo lazima ipokewe na kiungo fulani. Anayetua kwa kisigino huipokea zaidi kwa goti na misuli ya mbele ya paja. Anayetua kwa mbele huipokea zaidi kwa kifundo cha mguu, shavu na kano. Mzigo unahama, hauondoki. Nawasihi wagonjwa wangu walishike jambo hili kuliko jingine lolote, kwa sababu nimeona watu waliobadilisha utuaji ili kuponya goti wakarudi kwangu miezi miwili baadaye wakichechemea kwa maumivu ya kano.

Baada ya kupumzika, nilimwomba mwenzangu anirekodi kwa simu kutoka ubavuni, kwa mwendo wa polepole, pale Barabara ya Barack Obama ambapo njia ni tambarare na upepo wa bahari hupunguza joto kidogo. Picha ile ilinifundisha zaidi ya wiki tatu za kuhangaika na vidole. Mguu wangu ulikuwa ukitua mbali mbele ya nyonga, goti likiwa limenyooka karibu kabisa, na muundi ukiwa umeelekea nyuma kama fimbo iliyochomekwa ardhini kuzuia mwili. Kila hatua nilikuwa ninajifunga breki.

Njia rahisi ya kuurudisha mguu chini ya mwili ni kuongeza idadi ya hatua kwa dakika bila kuongeza kasi. Katika kasi yangu ya kilomita 10 kwa saa nilikuwa napiga hatua 158 kwa dakika, yaani kila hatua ilikuwa na urefu wa karibu sentimita 105. Nikiongeza asilimia tano, nafikia 166, na hatua inafupika hadi karibu mita moja kamili. Ni sentimita tano tu. Mwaka 2011 Bryan Heiderscheit na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walionyesha kwamba nyongeza ya namna hiyo inapunguza waziwazi nishati inayofyonzwa na goti, na kwamba nyongeza ya asilimia kumi inaipunguzia mzigo hata nyonga. Mtu anaweza kuuliza kama kuongeza hatua hakuongezi mzigo wa jumla, maana kwa hesabu yangu nalazimika kupiga hatua 48 zaidi katika kila kilomita. Kwa pia ya goti jibu ni hapana: upungufu wa mzigo katika kila hatua ni mkubwa kuliko wingi wa hatua zilizoongezeka.

Sikulenga hatua 180, idadi ambayo wakimbiaji wengi huitaja kana kwamba ni sheria. Ilitokana na kocha wa Marekani, Jack Daniels, aliyehesabu hatua za wakimbiaji katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 na kukuta karibu wote wakifikisha 180 au zaidi. Hao walikuwa katika kasi ya mashindano, na hatua kwa dakika huongezeka kadiri kasi inavyoongezeka. Mtu mrefu anayekimbia taratibu hana sababu ya kujitesa kuifikia.

Kushika mdundo mpya kulikuwa kugumu kuliko nilivyotarajia. Mlio wa metronomu, programu ya kugonga mdundo, katika simu ulinichosha akili, na nikiuzima tu miguu ilirudi 158. Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa kikundi chetu aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa, ambaye aliniambia, "Mwanangu, miguu haihesabu, miguu inafuata wimbo." Tulianza kukimbia kwa mchakamchaka, yeye akianzisha na sisi tukiitikia, na nilipopima nilikuta mdundo wa nyimbo zake ukinipeleka kati ya hatua 164 na 168 bila kufikiri. Sote tuliokimbia mchakamchaka shuleni asubuhi tulifundishwa hatua fupi za pamoja bila kuambiwa jina lake, na nasikitika kwamba mafunzo hayo tunayaacha tunaponunua saa za michezo.

Ili nisijidanganye, nilikimbia njia ileile saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla ya joto, wiki tatu kwa mdundo mpya, kisha nikarudi kwa makusudi kwenye mdundo wa zamani kwa siku sita. Siku ya nne maumivu ya goti yalirudi. Niliporudi kwenye 166 yaliisha tena. Mtu mmoja hathibitishi kanuni, lakini jaribio la kwenda na kurudi lina uzito kuliko hisia ya mtu aliyebadilisha jambo mara moja akapona, kwa kuwa maumivu mengi hupungua yenyewe kwa muda.

Gharama nayo ilikuwepo. Wiki mbili za mwanzo mapigo ya moyo wangu yalipanda kwa sita hadi nane kwa dakika katika kasi ileile. Peter Cavanagh na Keith Williams walionyesha mwaka 1982 kwamba mkimbiaji, akiachwa mwenyewe, huchagua urefu wa hatua unaokaribia sana ule unaotumia oksijeni kidogo zaidi. Anayeuacha hulipa, angalau mpaka mwili uzoee. Ndiyo maana simshauri mtu asiye na maumivu wala historia ya kuumia abadilishe chochote.

Kwa anayeumwa goti, nampa kazi hii: hesabu mguu wa kulia unavyogusa ardhi kwa sekunde 30, zidisha kwa nne, kisha ongeza asilimia tano, na uanze na dakika tano ndani ya mazoezi mepesi. Ukihisi shavu la mguu linavuta siku mbili mfululizo, umekwenda haraka mno.

Mimi sasa nafanyia kazi mteremko. Njia ya Moshi hupanda kuelekea Mweka na kisha kushuka, na katika kushuka mguu hutamani kurefuka na breki zikarudi, jambo ambalo barabara tambarare za pwani haziwezi kunifundisha. Jumapili hii nakwenda Pugu, ambako kuna vilima, na mzee wangu ameahidi kuja na nyimbo zake.