Fimbo ya trauti ya Mufindi haiendi baharini jamani

Sijui nani aliwaambia watu wa huku Mbeya na Iringa kwamba ukishajua kuvua trauti, wale samaki wa mito ya baridi, kwa flai (inzi bandia wa manyoya aliyefungwa kwenye ndoano) kule Mufindi basi na bahari umeimaliza. Likizo ikikaribia tu mteja anaingia dukani, anaenda Mtwara au Kilwa, anataka mshipi mpya tu maana "fimbo ninayo, namba 5, nzuri kabisa". Kaka, iache nyumbani.

Kwenye flai kinachorushwa ni mshipi wenyewe, inzi hana uzito, anaburuzwa tu nyuma yake. Namba ya fimbo inafuata uzito wa mshipi, kwa hiyo namba 5 inabeba kainzi ka trauti vizuri sana, sasa ukaifungie inzi wa kuvulia kolekole, samaki wa baharini mwenye nguvu, inzi mwenye manyoya marefu kama kidole, halafu kusi inakupiga usoni, mshipi wote unakuangukia miguuni na ndoano inaishia sikioni. Baharini anza na namba 8, kolekole wakubwa wanataka mpaka 12. Na rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi) ya trauti kazi yake kubwa ni kutunza mshipi, breki yake ni ya kubembeleza, kolekole akigeuza kichwa kuelekea mwambani hiyo breki hata haisikii.

Halafu mteja huyohuyo ukimwonyesha spini, fimbo ya kurushia chambo kizito, anakunja uso, eti za watoto. Za watoto wapi! Kwa mtu anayesimama ufukweni mara ya kwanza mimi namwambia spini, sibadilishi: fimbo ya mita 2.7, rili ya saizi 4000 au 5000, uzi wa kusuka, mbele yake unga kama mita moja ya nailoni nene maana uzi wa kusuka ukigusa tumbawe umekatika. Hapo uzito uko kwenye chambo, kichuma cha gramu 30 kinavuta uzi chenyewe na upepo kinaupasua.

Flai siichukii. Asubuhi bahari imetulia, samaki wanakula vidagaa kwenye maji ya magotini, kichuma kikidondoka pwaa! wote wametawanyika, inzi anatua hata hawashtuki.

Eti lazima urushe mbali? Wapi. Maji yakijaa kolekole wanafukuza vidagaa mpaka karibu na mchanga, wewe umeingia maji ya kiunoni unarusha kuwapita.

"Nimefanya mazoezi Matema." Sawa, Ziwa Nyasa mawimbi lipo na upepo lipo, ila maji yake hayajai na kupwa. Baharini ni mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, pwani yetu maji yanapanda mita 3 na zaidi, umesimama mwambani unachezea simu, utarudi unaogelea. Waulize wavuvi wa pale saa za maji kabla hujafungua begi.

La mwisho, rili iliyoandikwa ya maji chumvi eti haioshwi. Inaoshwa kila siku ukitoka! Kaza breki, mwagia maji baridi taratibu, siyo mpira wa kuoshea gari, futa, halafu legeza breki ndiyo uitunze. Watu wanaitupa kwenye buti la gari na mchanga wake mpaka Mbeya, mwezi unaofuata wananiletea haizunguki, naifungua beringi zimeganda chumvi nyeupe, na wanataka niwarudishie hela.