Miwani ya kusomea haidhoofishi macho

Mjini Moshi, kama kwingineko, wengi huamini kwamba ukianza miwani ya kusomea, macho yanaizoea na kudhoofika, ndiyo maana namba ya miwani (nguvu ya lenzi zake) hupanda kila baada ya miaka michache. Namba hupanda kweli. Ila kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho huzidi kukakamaa na kuona karibu kukawa kugumu, uvae usivae. Waangalie wa rika lako wasiovaa: nao hunyoosha mkono kusoma meseji.

Miwani hiyo imepimwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40. Toka nayo nje uitazame Kibo, kilele cha Kilimanjaro, utaona ukungu hata kukiwa kweupe. Ivue, ukungu unaisha. Fundi cherehani mwenye miwani mbili, ya sindano na ya njiani, hajaharibikiwa macho (azifunge kamba za rangi tofauti tu). Uoni ukipungua ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo.