Altrasaundi ikitoka safi

Hapa Lamu wengi huamini kwamba altrasaundi huona kila kilichomo tumboni: ikitoka safi, hakuna uvimbe, ikionyesha uvimbe, basi aina yake imeshajulikana. Mtu huvuka kwa mashua kutoka Faza, hupakwa jeli baridi tumboni, hurudi na karatasi akijua shauri limekwisha. Si ajabu kuamini hivyo, maana picha huonekana papo hapo.

Kifaa kile hutuma mawimbi ya sauti na kupokea mwangwi wake. Hewa ya matumbo huyazuia, ndiyo maana kongosho na sehemu za nyuma, karibu na uti wa mgongo, mara nyingi hufichika. Huko uvimbe wa nadra huweza kukua kimya. Kutofautisha maji na nyama, altrasaundi huweza sana, tena bila mionzi. Lakini aina ya uvimbe kwa kawaida huthibitishwa maabara, kwa kipande kilichotolewa kwa sindano au upasuaji.

Karatasi huandikwa Kiingereza. Mwombe daktari akusomee. Ukubwa ni sentimita ngapi? Umetokea kiungo gani? Ikitajwa gesi, yaani ile hewa ya matumbo, uliza ni sehemu ipi haikuonekana, na kama CT, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa eksirei, inahitajika. Maumivu yakiendelea, rudi, hata karatasi ikiwa safi.