Karoti haziponyi upofu wa rangi
Vijana wengi Dodoma wanaotaka urubani jeshini huambiwa wale karoti wiki nzima ili wafaulu kipimo cha rangi. Si kweli. Kuchanganya nyekundu na kijani mara nyingi ni kasoro ya kurithi, iliyo kwenye seli za jicho. Karoti hazifiki hapo. Kitabu cha Ishihara, cha kupima rangi kwa namba zilizochorwa kwa vitone, chenye kurasa 38, hushikwa umbali wa sentimita 75, kwenye mwanga wa mchana, sekunde 3 kila ukurasa. Ukurasa wa 2, macho mazima husoma 8. Mwenye kasoro husoma 3. Usijipime kwa simu, kioo chake hubadili rangi. Nenda kliniki ya macho mapema, kabla hujatoa nauli ya kutoka Kondoa au Mpwapwa. Na tafadhali usikariri namba: mpimaji anaweza kuchanganya kurasa.