Mwandishi Hakuja Kutoa Funzo

Wiki hii nimepigiwa simu tena: "Tuletee mwandishi, awafafanulie wanafunzi maudhui na funzo la kitabu chake." Ombi hili limenichosha. Mimi ni mkutubi, kazi yangu ni kupeleka vitabu na waandishi mashuleni hapa Mombasa, na nasema waziwazi: mwandishi akishatoa funzo, mtoto hana tena sababu ya kukifungua kitabu.

Mtoto anataka kujua kitabu kilivyoandikwa. Kilianzia wapi, kilikwama wapi, nini kilifutwa. Hata mwandishi asipokuwepo, habari hizo zatosha.

Mchukue mshairi Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa hapa hapa. Kwa sababu ya waraka wake wa kuikosoa serikali, "Kenya: Twendapi?", alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972, na humo gerezani akatunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za choo. Mashairi hayo yalichapishwa 1973, ndiyo *Sauti ya Dhiki*. Niliposimulia haya kwa gredi ya 7 kule Mji wa Kale, binti mmoja akauliza, "Haikupasuka?"

Tukagawa shashi na kalamu. Za wengi zilichanika kabla ya mshororo wa pili. Waliofaulu waliigusa tu, taratibu, kwa herufi ndogo ndogo, na darasa likatulia lenyewe.

Ndipo tukawasomea, kutoka kitabu hicho, lile shairi la ndugu wawili wanaogombea mnazi. Mwalimu akawa ndugu huyu, mimi yule. Katikati nikafunga kitabu. Kijana niliyeambiwa "huyu hasomi" akanifuata mlangoni: "Mnazi uliishia kwa nani?" Nikampa kitabu.

Kukatiza huko ndiko kunakonigombanisha na walimu. Wao wataka shairi liishe, maswali yajibiwe. Na jamani, lisomwe kwa Kimvita chake, lahaja ya hapa Mombasa! Ukilisoma kama taarifa ya habari, mtoto wa Mvita hatambui kuwa hayo ni maneno ya nyanyake.

Lakini nina wasiwasi. Wapo wanaokumbuka shashi na wasikumbuke hata ubeti mmoja. Huenda kisa cha gereza kinalifunika shairi. Siku hizi nasoma kwanza, habari za mwandishi nazileta baadaye, na bado sijaridhika.

Kijana alirudisha kitabu siku ya nne. Sikumuuliza funzo. Nilimuuliza yeye angempa nani mnazi, tukabishana mpaka kengele ikalia.