"Atazoea tu": kauli inayowaumiza mbwa na paka wetu msimu wa ngoma

Mavuno yakishaingia ghalani, Mtwara na Lindi hazilali. Kuanzia Juni kila kijiji kina siku yake ya kuwatoa wali, yaani vijana waliomaliza jando na unyago. Ngoma zinaanza jioni, spika zinafungwa juu ya mti, jenereta linanguruma nyuma ya nyumba, na watu wanacheza hadi alfajiri. Pesa ya korosho nayo ikiingia mwishoni mwa mwaka, harusi zinafuatana, halafu unafika mkesha wa Mwaka Mpya na baruti zake na madebe yake. Hii ndiyo furaha yetu na hakuna anayetaka izimwe. Ninachoandika hapa, kama daktari wa mifugo, kinamhusu mnyama aliyeko uani wakati sisi tunafurahi.

Kila msimu ofisini kwetu yanarudi mambo yaleyale. Mbwa kakimbia usiku wa ngoma na hajulikani alipo. Mwingine kajikata shingo kwa mnyororo. Mtoto kang'atwa na mbwa wa nyumbani kwao ambaye hakuwahi kumgusa mtu. Tukimuuliza mwenye mbwa hofu ilianza lini, mara nyingi jibu ni kwamba ilianza zamani, ila walisema atazoea tu.

Hazoei. Mbwa anayeogopa mshindo, akiachwa auogope mwaka hadi mwaka, hofu yake huongezeka. Mwaka wa kwanza anashtuka ngoma ikilia. Mwaka wa pili anaanza kutetemeka akiona tu watu wanashusha spika. Baadaye hata radi ya masika inamtosha. Mwili wake umeshajifunza kwamba sauti ile ni hatari, na kila usiku wa mateso unamthibitishia hivyo.

Masikio yake pia si kama yetu. Mtu mwenye masikio mazima husikia sauti hadi mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mbwa hufika kama 45,000, na paka hupita 60,000. Milio myembamba ya baruti na ya spika mbovu ambayo sisi hatuisikii kabisa, wao inawapata. Tena wewe unajua kwamba leo ni Mwaka Mpya na kesho kutakuwa kimya. Yeye hana wa kumwambia.

Dalili zipo mapema, na wengi wetu tunaziona bila kuzielewa. Mbwa anapiga miayo bila usingizi, analamba midomo bila chakula, masikio kayalaza nyuma, mkia kauficha tumboni. Anahema ingawa hakukimbia. Anakataa chakula anachokipenda. Anachimba chini ya mlango. Paka yeye hunyamaza: anapotea juu ya dari au nyuma ya magunia, na unaweza kudhani ametulia kumbe hajala wala kunywa tangu jana. Watu wengi huja kuuliza habari za mbwa tu, lakini paka anateseka vilevile, ila kimyakimya.

Jambo ninaloomba tuliache kwanza ni kumfunga mbwa kwa kamba au mnyororo usiku wa kelele. Najua nia ni njema: wageni wanakuja, hatutaki ang'ate mtu wala atoroke. Lakini nimeitwa nyumbani kwa watu Newala asubuhi baada ya ngoma, nikamkuta mbwa kafungwa kwenye shina la mkorosho. Alikuwa amezunguka shina usiku kucha akitafuta pa kukimbilia, mpaka mnyororo ukaisha na kidevu chake kikagota kwenye gome. Kucha za mbele zilikuwa zimelika hadi kwenye nyama, na ardhi yote mguuni pa mti ilikuwa imechimbwa. Maji yake yalikuwepo, hatua chache tu kutoka pale, na hakuweza kuyafikia. Mbwa anapoogopa, tiba yake ya kwanza ni kupata mahali pa kujificha. Ukimfunga, umemnyang'anya tiba hiyo.

Basi mpe mahali. Kwa nyumba nyingi za kwetu mbwa haingii ndani, kwa sababu za dini na za usafi, na sina sababu ya kumwambia mtu abadili hilo. Banda la nje linatosha kabisa likijengwa vizuri. Liweke upande wa nyumba ulio mbali na uwanja wa ngoma, ili ukuta wa nyumba ukinge sauti. Ukuta wa udongo hufaa kuliko mbao nyembamba. Mlango uwe mdogo, ndani kuwe na giza, na chini weka magunia makavu au nguo kuukuu zenye harufu ya watu wa nyumbani. Mwanzoni mlango uwe wazi, aingie na kutoka apendavyo. Hilo lifanyike wiki kadhaa kabla ya msimu, umlishie humo, ili aone ni kwake. Mbwa anayesukumiwa bandani kwa mara ya kwanza usiku wa kelele ataliona ni mtego.

Nitilie mkazo jambo la joto. Desemba ya Mtwara tunaijua. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi. Hupoa kwa kuhema. Ukimfungia kwenye chumba cha mabati kisicho na dirisha, akawa anahema kwa hofu na kwa joto pamoja, anaweza kufa kabla ya alfajiri. Paa la makuti ni bora zaidi, upepo upite, na maji yawe kwenye chombo kizito kisichopinduka.

Siku yenyewe ya sherehe, mtembeze au mwache akimbie mchana, ajisaidie, na ale mapema kabla ngoma haijaanza. Kagua ua na geti kabla wageni hawajafika, maana mbwa wengi hupotea mtu anapoacha geti wazi kupitisha sufuria za pilau. Mvalishe mkanda wa shingo ulioandikwa namba ya simu ya nyumbani. Paka abaki ndani, kwenye chumba kimoja, na boksi la kujifichia na mchanga wa kujisaidia. Redio yenye sauti ya wastani chumbani humo husaidia kufunika mishindo ya nje.

Wapo wanaoamini kwamba ukimbembeleza mbwa anayeogopa, unamfundisha woga. Sivyo. Hofu haiongezeki kwa kubembelezwa. Akikufuata, kaa naye, zungumza naye taratibu, mguse kama anapenda kuguswa. Akitaka kujificha, mwache huko aliko, usimvute. Watoto waelezwe wasimkumbatie wala wasimfuate alikojificha, kwa sababu ni hapo ndipo anapong'ata. Fimbo nayo iwekwe mbali kabisa. Mbwa anayebweka usiku wa ngoma kisha akapigwa anapata ushahidi kwamba ngoma huleta maumivu. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na kumtupia mbwa baruti ili watu wacheke ni ukatili.

Kuhusu dawa niseme wazi. Usimpe mnyama dawa ya binadamu kwa kukisia. Kidonge kimoja cha Panadol kinaweza kumuua paka. Diklofenaki inaharibu tumbo na figo za mbwa. Pombe, iwe uraka au bia, ni sumu kwake, na anayemnywesha mbwa "ili alale" anamweka hatarini. Zipo dawa za kupunguza hofu ambazo daktari wa mifugo anaweza kuandika baada ya kumpima mnyama, na ni vyema kuziulizia mapema ili zijaribiwe siku ya kawaida. Muulize hasa kama dawa anayokupa inaondoa hofu au inalegeza mwili tu. Asepromazini ikitumiwa peke yake, kwa mfano, humfanya mbwa alale chini kama aliyetulia huku akiendelea kusikia na kuogopa kila kitu. Kwa mwenye mbwa inaonekana imefanya kazi. Kwa mbwa, usiku umekuwa mbaya zaidi.

Kazi kubwa ya kumzoesha hufanyika miezi ya kimya, na hapa ndipo neno "atazoea" linapata maana. Rekodi ngoma ya jirani kwa simu. Aprili au Mei, wakati mbwa anakula, icheze kwa sauti ndogo kiasi kwamba anainua sikio kisha anaendelea kula. Dakika 5 zinatosha. Baada ya siku kadhaa ongeza sauti kidogo, na kila mara chakula kitamu kifuatane nayo. Akiacha kula, umezidisha, rudi nyuma. Simu peke yake haitoi ule mshindo mzito wa ngoma, kwa hiyo ukiweza azima spika, na uanze upya kwa sauti ya chini. Usifanye hivi msimu wenyewe ukiwa umeanza, kwa sababu usiku mmoja wa ngoma halisi unafuta kazi ya wiki nzima. Kwa mbwa mchanga mambo ni rahisi zaidi. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 akili yake iko wazi kupokea mambo mapya. Mtoto wa mbwa aliyesikia ngoma kwa mbali akiwa anacheza na kula, akamwona na mchezaji wa midimu akipita na kinyago chake, hukua akijua kwamba hayo ni mambo ya dunia yake.

Lipo jambo linalonifanya niandike hili kwa msisitizo kuliko mengine, nalo ni kichaa cha mbwa. Mbwa anayekimbia usiku wa kelele anaingia mitaa asiyoijua, anapigana na mbwa wengine, kisha anarudi na majeraha au anamng'ata mtu njiani. Kuanzia 2010 mikoa yetu ya Lindi na Mtwara ilikuwa ndani ya mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, na mbwa wengi walichanjwa. Lakini mbwa huzaliana na kufa haraka, na kinga ya jamii hushuka kama uchanjaji haurudiwi. Ili ugonjwa usisambae inatakiwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo wawe wamechanjwa. Mchanje wako akifika miezi 3, urudie kila mwaka, na utunze cheti.

Mjue pia tofauti. Mbwa mwenye hofu ya kelele hutulia kelele zikiisha, au siku inayofuata. Mwenye kichaa hatulii: sauti yake hubadilika, udenda unamtoka kwa sababu hawezi kumeza, anashambulia vitu bila kuchokozwa, mwisho miguu inapooza. Ukimwona hivyo usimkaribie. Mpigie afisa mifugo wa kata. Aliyeng'atwa na mbwa yeyote, hata kama ni mbwa wa nyumbani na jeraha ni dogo, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Wenye kuku wajue kwamba mshindo wa baruti huwafanya warundikane kwenye kona moja ya banda na kukosa pumzi. Taa ndogo bandani na nafasi ya kutosha huwasaidia.

Asubuhi baada ya sherehe, kabla hujamfungulia mbwa mlango wa banda, okota mifupa ya kuku iliyopikwa, masalia ya pilau yenye vitunguu vingi na vipande vya baruti uani. Mifupa iliyopikwa humchoma matumbo, na vitunguu huharibu damu ya mbwa na paka. Mkague miguu, kucha na shingo. Kama hayupo, anza kumtafuta mitaa ya karibu, chini ya madaraja na kwenye vichaka vya mikorosho, ukimwita kwa sauti ya kawaida. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya mifugo iliyo karibu, na ukimpata usimpige kwa kutoroka.